KELELE ZA STENDI NI MALI! MSIKUBALI KUZIBWA MDOMO

Mazungumzo na vijana wa vijiweni, Manzese, Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyozungumzwa.



Nimeambiwa nisipitishe nusu saa kwa sababu jioni kuna mpira. Sawa. Mimi nilikuwa konda, najua thamani ya muda. Basi tuanze, mlango ufungwe, anayening'inia aingie ndani.

Naanza na swali. Mshikaji wako anakupigia simu. Anasema, "Niko njiani, nakaribia kufika." Lakini nyuma ya sauti yake unasikia muuza kahawa anagonga vikombe, spika inatangaza dawa ya panya, kunguni na mende, na konda anaita Mbagala kwa sauti ya kukwaruza. Utamjibu nini? Utamwambia, "Acha kamba, wewe bado uko Kariakoo!" Hukumwona. Umemsikia tu. Ndiyo kusema ndani ya masikio yako kuna ramani ya jiji hili, na hakuna mpima ardhi aliyeichora. Imechorwa na makonda, wapigadebe, machinga, mafundi cherehani na muuza kahawa.

Leo nimekuja kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeishika ramani ya namna hiyo mkononi, akaizungusha dunia nzima. Anaitwa Emeka Ogboh. Ni Mnaijeria, kazaliwa Enugu mwaka 1977, kasoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Nigeria kule Nsukka, kisha akaingia Lagos kutafuta maisha kama sisi tulivyoingia Dar. Mwaka 2008 alihudhuria mafunzo ya sanaa ya mitambo huko Fayoum, Misri, na hapo ndipo masikio yake yalipofunguka. Aliporudi Lagos alianza kuirekodi. Hakupiga picha ya magorofa wala ya vigogo wakikata utepe. Alirekodi sauti.

KONDA NDIYE RAMANI

Lagos ina mabasi madogo ya njano yenye mistari myeusi, yanaitwa danfo. Kwa tabia ni ndugu wa damu wa daladala. Linajaza, linakanyagana, linapita pasipo njia, na mlangoni ananing'inia konda mwenye koo la chuma. Konda wa danfo anaimba vituo: Ojuelegba, Obalende, Oshodi, Yaba. Anayakata majina, anayavuta, anayabana pua, mpaka mgeni hasikii chochote ila mluzi. Mwenyeji anasikia njia nzima.

Ogboh alizirekodi sauti zile na kuzipa hadhi ya ramani inayosemwa kwa mdomo. Fikirini jambo hilo, vijana. Mama katoka kijijini na mzigo kichwani, hajui kusoma kibao. Nani anamfikisha hospitali? Ni konda! Huduma ile hulipwi na serikali, haipo kwenye bajeti, wala mwisho wa mwaka hakuna anayekuvisha nishani.

Zile sauti za Lagos alizipanga upya, akaziweka kwenye spika na kuzisikilizisha watu katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Baadaye akazichanganya na muziki. Mwaka 2021 ilitoka albamu yake Beyond the Yellow Haze. Mwaka 2022 ikatoka nyingine ambayo jina lake ni tarakimu tupu, vipimo vya ramani vya mahali paitwapo Ojuelegba. Mtu mzima kaipa albamu jina la stendi!

Na huyu si mtu wa spika pekee. Anafanya video, anabandika mabango, ametengeneza hata bia. Nitaifikia bia, msiwe na haraka.

KWA NINI ALIKUWA NA HARAKA

Sasa mtaniuliza, Lagos ina kelele usiku na mchana, haraka ya kurekodi ilikuwa ya nini? Zitakwisha lini?

Jibu ni kwamba zinakwisha huku tunatazama. Machi 2008 mabasi makubwa yaendayo kasi yalianza kazi Lagos. Januari 2009 serikali ya jimbo ikashusha nyundo Oshodi, vibanda na soko vikavunjwa. Waliojua Oshodi ya zamani walijua pia mlio wake, na mlio ule ulizimwa pamoja na mabati. Februari 2017 gavana wa wakati huo, Akinwunmi Ambode, akatangaza mpango wa kuziondoa danfo kabisa. Danfo hazikuondoka zote, mpaka leo zipo, lakini habari imeshatolewa: ninyi mko hapa kwa muda tu.

Ndugu zangu, hapa Manzese nani asiyeijua hadithi hiyo? Mei 2016 mwendokasi ulianza Kimara mpaka Kivukoni, daladala zikatolewa kwenye njia ile. Sisemi mwendokasi ni mbaya. Niseme uongo ili mnipigie makofi? Kijana wa Kimara aliyekuwa anaondoka nyumbani alfajiri ili saa mbili awe Posta anajua foleni ya Morogoro Road ilikuwa jehanamu. Basi linalopita njia yake ni haki ya mlalahoi.

Lakini kitu kimoja kilikufa siku ile na hakuna aliyekifanyia matanga. Ile nyimbo ya vituo kuanzia Ubungo, Manzese, Magomeni, Fire, mpaka Posta, ule mlio wa sarafu zinazochezeshwa kiganjani kukukumbusha nauli, kile kibao cha bodi, kimoja "simama," viwili "twende", yale matani ya "suka, vuta, nyuma hakuna mtu." Walioamua njia hawakukaa chini kujiuliza kama kulikuwa na kitu cha kuhifadhi. Kwao kulikuwa na kelele, na kelele zimeondoka. Oktoba 2021 wamachinga nao wakaondolewa barabarani Dar. Wakatajwa uchafu, msongamano, kuziba njia. Sauti zao hata hazikutajwa.

NANI ANAYEAMUA KIPI NI KELELE?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Mimi mwenyewe nimewahi kulala kituo cha polisi, kituo sitakitaja, kwa kosa la kuita abiria kwa sauti ya juu. Afande aliniambia, "Wewe unachafua mji kwa mdomo wako." Nililipa, nikatoka, kesho yake nikaita kwa sauti ya chini, na gari lilirudi na hesabu pungufu. Tajiri naye akanitimua. Ndiyo hali ya konda: ukipiga kelele ni kosa, ukinyamaza ni njaa.

Sasa sikilizeni. Emeka Ogboh aliingia soko la Balogun, Lagos. Soko lile ni Kariakoo yao, watu wanapita kwa mabega. Alirekodi wachuuzi wanavyonadi bidhaa, wanavyopatana bei, wanavyotaniana. Kisha akachukua masinia ya bati yenye rangi, yale yale wanayotumia wachuuzi kupanga bidhaa, akafunga spika juu yake, akaitundika ile kazi ukutani. Akaiita Market Symphony. Mwaka 2016 kazi hiyo ilifunguliwa Washington, katika jumba la taifa la Marekani la sanaa ya Afrika, na ikawa kazi ya kwanza ya sanaa ya sauti kuingia katika hazina ya jumba lile.

Mmeona maajabu? Sauti ya mchuuzi ikiwa Balogun, mgambo anamfukuza. Sauti ile ile ikifika Washington, watu wanavua kofia na kusikiliza kimya. Sauti haijabadilika. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele yake na ana cheo gani.

Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nasema hivi: kabla hujaliita debe tupu, lifungue uone. Huenda limejaa, na wewe ndiye huna masikio.

WIMBO WA TAIFA KWA LUGHA YA MAMA

Mambo ya sauti hayaishii stendi. Yanafika hata kwenye swali la wewe ni nani, na hapa ni pa nani.

Ogboh alikwenda kuishi Berlin. Akakuta Waafrika wengi kule, wengine wana miaka na miaka, wanalipa kodi, wanaosha wazee, wanaendesha magari, lakini bado wanaulizwa, "Utarudi kwenu lini?" Mwaka 2015 akachukua wimbo wa taifa wa Ujerumani, akautafsiri, na Waafrika wanaoishi Berlin wakauimba kila mmoja kwa lugha ya mama yake: Kiigbo, Kiyoruba, Kitwi, Kilingala, Kidouala na nyingine, kumi jumla. Spika kumi, kila spika sauti ya mtu mmoja. Ukisimama katikati unasikia kwaya. Ukisogea kwenye spika moja unamsikia mtu mmoja na lugha yake. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice, Italia, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya mwaka huo, mwaka ambao wakimbizi kwa maelfu walikuwa wakivuka bahari kuingia Ulaya.

Wako waliokasirika kusikia wimbo ule kwa Kidouala? Wafungue vitabu. Douala iko Kamerun, na Kamerun ilikuwa koloni la Mjerumani, kama Tanganyika. Mwaka 1914 Wajerumani walimnyonga mfalme wa Wadouala, Rudolf Duala Manga Bell, aliyepinga watu wake kuhamishwa kwenye ardhi yao ya mjini. Leo mjukuu wa nchi ile anauimba wimbo wa Mjerumani kwa lugha ya yule aliyenyongwa. Je, anaomba hisani pale? Hapana. Anadai kusikika.

Tena tuambizane ukweli: wimbo ule wenyewe muziki wake ni wa Haydn, aliyeutunga mwaka 1797 kwa ajili ya mfalme wa Austria. Maneno yaliongezwa baadaye, mwaka 1841. Kumbe hata wao waliazima!

Na sisi je? "Mungu ibariki Afrika" tunaisimamia wima mkono pajani. Sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, mwaka 1897. Zambia wanaitumia kwa maneno yao. Afrika Kusini imo ndani ya wimbo wao wa taifa. Sauti moja, mataifa matatu, na hakuna aliyepungukiwa utaifa wake. Kwa hiyo mtu akikwambia utambulisho ni kujifungia ndani na kufukuza jirani, mwimbie wimbo wake wa taifa, kisha muulize umetoka wapi.

HABARI YA BIA

Haya, niliahidi bia. Walevi wasogee karibu.

Ujerumani wana sheria ya bia ya mwaka 1516. Ilisema bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Wanajivunia usafi huo mpaka leo. Mwaka 2017, katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ogboh alitengeneza bia nyeusi tii yenye viungo, kwa kufuata ladha za Waafrika wanaoishi kule. Akaiita Sufferhead Original, jina linalotokana na albamu ya Fela Kuti ya mwaka 1981 iliyozungumzia mateso ya walalahoi wa Naijeria. Kisha akabandika matangazo yenye swali, nani anaogopa nyeusi?

Mzungu akicheka anajikuta amejibu. Akikasirika amejibu vilevile. Huo ndio ujanja wa mtoto wa mjini: hupigani ngumi, unaweka chupa mezani na kungoja.

NANI AMESHIKA KANDA ZETU?

Sasa tuje kwenye machungu. Mwaka 1897 Waingereza waliivamia Benin, Naijeria ya leo, wakapora maelfu ya sanamu za shaba na pembe. Zikatapakaa Ulaya nzima. Mwaka 2021 Ogboh alibandika mabango katika mitaa ya Dresden, Ujerumani, kama yale ya kutafuta mtu aliyepotea. Lakini picha haikuwa ya mtu, ilikuwa ya sanamu ya Benin iliyomo katika makumbusho ya mji ule. Imepotea kwao, imeonekana kwenu! Desemba 2022 Ujerumani ilirudisha baadhi ya sanamu hizo Naijeria. Bango peke yake halikufanya hivyo, watu wamedai kwa miongo mingi. Lakini bango nalo lilikuwa mdomo mmoja katika midomo mingi.

Sisi tunalijua jambo hilo kwa mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, akabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, na sasa amesimama Berlin. Kila baada ya miaka michache tunamdai bungeni. Vizuri. Lakini je, mnajua kuwa walichukua na sauti? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Wamakonde, Wayao na Wamakua waliimba ndani ya lile bomba. Sauti za babu zenu zilisafiri kwenda Ujerumani kabla ya mjusi!

Siti binti Saad naye, mwaka 1928, ilimbidi avuke bahari mpaka Bombay kurekodi taarab ya Kiswahili, maana mashine zilikuwa huko.

Kwa miaka yote hiyo kisingizio kilikuwa kimoja, hatuna mitambo. Leo kisingizio hicho kimekufa. Kila mmoja hapa ana simu inayorekodi mfukoni, hata wewe unayedaiwa kodi miezi mitatu. Tunarekodi nini? Ugomvi wa walevi, na mtu aliyegongwa na bodaboda.

"ITANIPA UGALI?"

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Namjua anachotaka kuuliza: "Broo, hizi habari zitanipa ugali?"

Swali la haki, na sitalikwepa. Mimi mwenyewe namwuliza Ogboh swali hilo. Yule konda wa Ojuelegba ambaye sauti yake imeingia kwenye majumba ya sanaa, yeye alipata nini? Jina la msanii lipo ukutani. La konda liko wapi? Simshutumu mtu. Lakini mlalahoi akiisha kujua kwamba kelele zake ni mali, swali la pili ni lazima liwe mali hiyo ni ya nani.

Kwa hiyo nawaambia mambo matatu ya kufanya. Kwanza, rekodini wenyewe msingoje mtu wa kuja na ndege. Rekodini stendi, soko, gereji, pwani ya Feri samaki wanaponadiwa. Pili, muombe mtu ruhusa kabla ya kumrekodi, mwandike jina lake, mahali na tarehe. Sauti isiyo na jina ni yatima, kila mtu ataichukua. Tatu, wekeni nakala zaidi ya moja, kwa mtu zaidi ya mmoja. Nchi hii ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na sheria haimsaidii mtu asiye na ushahidi.

Ugali hautapikika kesho. Lakini vijana wa hapa hapa walioanza kutengeneza midundo kwenye kompyuta mbovu za kuazima, miaka ya tisini, waliambiwa na baba zao kuwa ni uhuni. Bongo Fleva leo inalisha nyumba ngapi?

RAFIKI YANGU

Namalizia, mpira unakaribia.

Nilikuwa na rafiki, mpigadebe, tulianza naye kazi siku moja. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia. Alikuwa na namna yake ya kuita Posta. Alianzia chini kama mtu anayenong'ona siri, akapanda, akapanda, akalivunja neno katikati, kisha akacheka. Abiria walikuwa wanaacha gari lililojaa nusu na kuja kwake, kwa kicheko kile tu. Alipokatazwa stendi alibeba mizigo, kifua kikamwishia, akafa.

Baada ya arobaini mtoto wake wa kiume, aliyekuwa mdogo sana baba yake alipoacha kazi, alinifuata. Akaniuliza, "Baba mdogo, watu wote wananiambia baba alikuwa na sauti. Ilikuwaje?"

Nilijaribu kumwigia. Nikaita Posta mara tatu pale barazani. Haikuwa yenyewe. Mtoto alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Nina picha za marehemu nne, moja ana suti ya kuazima. Sauti yake sina. Miaka kumi na nne tulisimama bega kwa bega, na mimi sikuwahi kufikiri kuwa ile kelele ni kitu cha kuweka.

Ndugu zangu, mkitoka hapa mtapita stendi. Mtasikia mtu anaita. Mimi siwezi tena kumrudisha wangu. Ninyi wa kwenu bado wapo, wanaita hivi sasa.

Anayeshuka, shusha!